Vita vya Wagiriki na Kahawa ya Al-Safa

Nyinyi vijana mnaojiandaa kwenda Saudia kuendesha magari ya watu, mmefundishwa kila kitu isipokuwa kazi yenyewe. Mmefundishwa kusema "hadhir", yaani niko tayari bosi, kufunga mkanda na kutabasamu hata ukitukanwa. Kazi yenyewe ni kusubiri. Mimi Mwadime, mtoto wa Wundanyi, nimesubiri miaka kumi na tisa. Nimesubiri nje ya shule, nje ya saluni, nje ya harusi, na siku moja nilisubiri saa tatu nje ya kliniki ya paka. Usukani niliushika kidogo tu, katikati ya kusubiri. Kwa hiyo mtu akiniuliza Uarabuni nilijifunza nini, namwambia nilisomea vita vya Wagiriki wa kale. Wewe uliye kule nyuma nakuona unacheka. Cheka tu, bado hujafika.

Nyumba yangu ilikuwa Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh. Nasema yangu, lakini chumba changu kilikuwa kile cha pembeni mwa geti, karibu na pampu ya maji. Madam alikuwa mtu wa haraka asiyefika popote kwa wakati. Bosi alikuwa mpole na alionekana Ijumaa. Binti yao, Nuf, alikuwa chuo kikuu akisomea fasihi, na siku hizo wanawake walikuwa hawajaruhusiwa kuendesha, basi Nuf alikuwa mzigo wangu wa asubuhi na mchana. Muhula mmoja wakapewa mashairi marefu ya Wagiriki, yale ya mashujaa na miungu na kuchinjana. Nuf alikuwa hawezi kushika kitu kichwani bila kukisema kwa sauti. Akawa anasoma kiti cha nyuma, Kiarabu kidogo, Kiingereza kidogo, foleni ya kwenda na foleni ya kurudi. Mimi ningefanya nini, niruke dirishani?

Wiki ya kwanza nilidhani anasimulia mambo ya ukoo wao. Alikuwepo mzee mkubwa mwenye sauti, mkewe anayempeleleza, mabinti wasioelewana, na kila mmoja ana mtu wake huko chini anayempendelea. Nikasema moyoni, huyu msichana anaanika aibu za nyumbani mbele ya dereva, atakuja kunitia matatani. Nikawa naongeza sauti ya kiyoyozi nisisikie. Kumbe ndiyo miungu yenyewe.

Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa, sitaki maneno. Lakini Mungu anisamehe, miungu ile niliielewa upesi sana kwa sababu nilikuwa nimeshaajiriwa nayo. Wanakaa ghorofani, wanagombana ghorofani, halafu mkuki unamwingia mtu aliye chini ambaye hata hakualikwa. Wale dada zetu waliofanya kazi za ndani watanielewa. Madam amegombana na dada yake kwa simu, na wewe uliyekuwa unapiga deki kimya kimya ndiye unayeambiwa umeharibu siku. Nilimwambia Nuf hivyo, akaandika kwenye mtihani wa majaribio. Mwalimu akampa alama ya juu na kumuuliza amesoma kitabu gani.

Kuanzia hapo nikawa mwalimu msaidizi. Nuf anauliza, mimi najibu huku naangalia barabara. Somo la kwanza hapo, andikeni: unajibu huku unaangalia barabara. Kioo cha katikati ni cha kuangalia magari ya nyuma, si cha kuangalia watu. Na kila asubuhi unapima upepo wa tairi kabla ya gari kutembea, kwa sababu lami ya kule ikishapata moto, tairi inakudanganya.

Mashujaa wao nao, weh! Katikati ya vita, vumbi limetimka, mtu ameinua mkuki, anasimama kwanza kujitambulisha. Mimi ni fulani mwana wa fulani, babu yangu alikuwa na ng'ombe kadhaa. Mwenziwe naye anasikiliza mpaka mwisho. Nuf alisema wanafunzi wenzake waliona ni upuuzi. Nikamwambia mimi nimeyaona kwa macho yangu. Siku moja bosi yuko garini, tukagongwa kwenye mzunguko pale Al-Naseem. Bosi akatoka amewaka, na mwenye gari la pili akatoka amewaka zaidi. Wakaanza, wewe ni nani, wa ukoo gani, babu yako nani? Baada ya dakika tano wakagundua babu zao waliwahi kulala nyumba moja msimu wa hija. Ala! Mabusu ya begani, kila mmoja akimwalika mwenziwe chakula. Mimi na yule dereva mwingine tumebaki tumeshika vipande vya taa, hatujui kama bado tuna ugomvi au hatuna. Nuf alicheka mpaka kitabu kikaanguka, maana kwenye shairi kuna wawili walifanya vilevile. Walikutana wauane, wakaachana wamebadilishana mavazi ya vita.

Lakini kisa chote cha shairi lile kubwa, ukikiondolea ngao na farasi, ni kununa. Shujaa mkuu amenyang'anywa zawadi yake mbele ya watu, akaingia hemani, akasusa. Wenzake wanakufa nje, yeye anapiga kinanda. Nuf aliona ni mtoto mkubwa tu. Mimi siku hiyo nilikuwa na mtu wangu aliyekuwa kwenye baridi ya mochari kwa ajili ya kununa.

Huyo ni Mghanga. Tulitoka kijiji kimoja, mama yake na mama yangu walichota maji bomba moja. Yeye alikuwa dereva Jeddah, mtaa wa Al-Safa, kwa kafili, yaani mwajiri mdhamini, anayeitwa Abu Fahad. Kazi yake hasa ilikuwa baba mzazi wa huyo kafili, mzee wa kiti cha magurudumu. Mghanga alikuwa anamwendesha, anamnyanyua, anamlisha. Mara mbili aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mama yake, na mara mbili aliambiwa asubiri Ramadhani ijayo. Mara ya tatu hakuomba. Alitoka asubuhi kununua mkate, akapanda basi la Riyadh. Kafili akamwandikisha mtoro, ikama, kile kibali cha kuishi, ikafa, na Mghanga akawa anabeba masanduku kwenye ghala la mboga huku Riyadh. Ijumaa tulikuwa tunakutana, tunapika ugali na kubishana mpira.

Siku moja akaanguka katikati ya masanduku ya nyanya. Moyo. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Nilizunguka ofisi zote, na kila ofisi iliniambia kwa adabu kabisa: mpelekee kafili karatasi hizi atie sahihi, bila hiyo mwili haupandi ndege. Nikampigia Abu Fahad. Akasema huyo mtu alimkimbia, si wake. Nikapiga tena, akakata. Mwezi wa tatu tangu afe ukaingia. Mama Mghanga alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada. "Mwadime, mwanangu yuko kwa hiyo baridi mpaka lini?" Turubai la matanga lilishatandazwa mara mbili na kukunjwa mara mbili. Mimi nasema, "Karibu, mama, karibu." Nilikuwa sijui kitu, naogopa hata simu ikilia.

Sasa karibu na mtihani, Nuf akaanza kulia kiti cha nyuma. Somo lingine: sanduku la karatasi za kupangusa machozi liwe upande wa kulia wa abiria, usilifiche kwenye dashibodi. Nikampa. Nikamuuliza, "Nani tena amekufa, madam mdogo?"

"Hakuna aliyekufa leo," akasema. "Ni yule mfalme mzee. Mwanawe ameuawa, na aliyemuua ameukatalia mwili. Mzee anakwenda mwenyewe hemani kwa muuaji kuuomba."

Mguu wangu ulishuka kwenye breki kabla sijauambia. Gari la nyuma likapiga honi ndefu.

"Aliupataje?" nikauliza.

"Nini?"

"Mwili. Aliupataje? Alisema nini hasa?"

Nuf akafungua ukurasa. Akasema mzee hakubishana. Alipiga magoti, akayashika magoti ya adui, akamwambia: mkumbuke baba yako. Wakalia wote wawili, kila mtu akimlilia wake. Mwili ukatolewa, kisha wakakaa wakala nyama.

"Magoti, baba yako, halafu chakula," nikasema.

"Mwadime, haya si mapishi."

Kwangu yalikuwa mapishi.

Likizo ilipofika familia ikapanda ndege kwenda Jeddah kwa mama yake madam, mtaa wa Al-Hamra, na mimi nikapewa gari nilipeleke kwa barabara. Nuf aliniachia flashi yenye shairi lote, mtu analisoma kwa Kiingereza. Nilitoka Riyadh alfajiri na jeshi zima la Wagiriki. Huyo mshairi, aki, anaujua mwili wa mtu kuliko muuza nyama. Mkuki hauingii tu, unaingia chini ya taya, unatokea kwenye jino fulani, na marehemu anatajwa jina, kwao, na mke aliyemwacha. Nilipoanza kupanda milima ya Taif shujaa alikuwa bado amenuna. Nikamtukana kwa Kitaita, kwa sauti, peke yangu garini.

Siku ya pili pale Al-Hamra nilimwomba madam ruhusa baada ya swala ya Alasiri. Akasema mafi mushkila, hakuna shida, ila nikirudi nilete mkate. Nikavaa shati jeupe, nikachukua bahasha yenye zile karatasi, nikaenda Al-Safa.

Abu Fahad alifungua mwenyewe. Mtu wa miaka hamsini hivi, mnene kiasi, tasbihi mkononi. Nikasalimu, nikajitaja, nikasema nimekuja kwa ajili ya Mghanga. Uso ukafunga. Lakini nilikuwa nimeshasimama mlangoni kwake, na mtu wa kule akishakukuta mlangoni ni vigumu kukuacha juani. Akaniingiza sebule ya wageni, yenye zulia la rangi ya maziwa. Hata hajakaa vizuri, mimi nikaanza mapishi. Nikajitupa chini, nikayakumbatia magoti yake.

Vijana, sikilizeni vizuri. Usimpigie Mwislamu magoti. Kwake magoti ni ya Mungu peke yake, na wewe umemfanya sanamu ndani ya nyumba yake.

"Astaghfirullah! Simama! Simama, mtu, umerukwa na akili?" Alikuwa ananisukuma kwa mikono miwili, na kadiri anavyonisukuma ndivyo ninavyong'ang'ania, maana mfalme mzee naye aling'ang'ania. Tasbihi ikakatika. Shanga zikatawanyika mpaka chini ya makochi. Nikaachia magoti nikaanza kuziokota kwa miguu minne, huku nasema samahani baba, samahani baba, na yeye anasema acha, halas, acha! Nilikuwa nimekuja kama mfalme, nikawa natambaa nikitafuta shanga.

Akanikalisha. Akamimina kahawa kwenye kikombe kidogo, akanipa. Nikakipokea kwa mkono wa kulia, hilo nalijua. Lakini mkono ulikuwa unatetemeka, kahawa inacheza ukingoni, na zulia lile jeupe liko chini yangu. Nikaona nikimwaga hapa nimekwisha. Nikakiweka kikombe chini mbele yangu bila kukionja, nikafunga mikono mapajani isionekane.

Halafu nikatoa silaha ya pili. "Baba," nikasema, "mkumbuke baba yako."

Aliniangalia mpaka nikatamani kurudi chini ya makochi.

"Baba yangu?" akasema. "Unakuja kunitajia baba yangu? Unajua huyo mtu wenu alimfanya nini baba yangu?"

Sikujua. Akaniambia. Mzee alikuwa hakubali kulishwa na mkono mwingine. Mghanga alipoondoka, walijaribu nesi, wakajaribu dereva mwingine, yeye mwenyewe akajaribu na kijiko, mzee akawa anafunga mdomo na kuangalia mlango. Aliishi kama hivyo majuma machache.

"Mimi mwanawe nimekaa pembeni yake," Abu Fahad akasema, "nimemshika mkono, na anauliza dereva yuko wapi. Mpaka siku ya mwisho. Dereva yuko wapi, dereva yuko wapi." Akaninyooshea kidole. "Na wewe unataka nimhurumie."

Sikuwa na silaha ya tatu. Mapishi yalikuwa yameniishia, na aibu imenijaa mpaka masikioni, kwa sababu Mghanga hakuwahi kuniambia habari ya mzee yeyote. Nilikuwa namjua Mghanga wa ugali na mpira tu. Nikaanza kulia, na wala si kwa mpango. Nilimlilia Mghanga, nikamlilia na huyo mzee wa watu aliyekuwa anaangalia mlango.

Abu Fahad alipangusa uso kwa ncha ya kilemba chake. Kisha akakiona kikombe.

"Mbona hunywi?"

Ningemwambiaje kwamba naogopa kuchafua zulia? "Siwezi, baba," nikasema.

Akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi, akakiangalia tena kikombe. "Nani alikufundisha hivyo?"

Swali sikulielewa. Ni Nuf aliyenieleza baadaye, huku anajipiga paja kwa kicheko. Kumbe kule, tangu enzi za mahema, mtu mwenye haja nzito akija kwako, anaiweka kahawa yako chini bila kuigusa. Ukimwacha aondoke na kikombe kimejaa, aibu ni yako na ya ukoo wako. Wasomi wote wa Kigiriki hawakuniambia hilo. Nilifika na mbinu za mfalme zikafeli zote, nikaokolewa na woga wa kumwaga.

Shanga zake Abu Fahad alikuwa amezishika kiganjani, anazisugua. Halafu akasema, "Swali moja. Alipokuwa huko Riyadh, alimtaja baba yangu?"

Hapo nilidanganya. Sitawaambia kwamba nilisita. "Kila siku, baba. Alimwita mzee wangu. Kila tukikaa kula, mzee wangu hivi, mzee wangu vile."

"Mzee wangu," akarudia. Akavuta pumzi. "Abshir. Kunywa kahawa yako."

Abshir kwao ni kusema haja yako imekubaliwa, basi nikainywa imepoa, na sijawahi kunywa kitu kitamu namna ile. Akatia sahihi karatasi zote pale pale juu ya goti lake. Halafu hakuniruhusu kuondoka. Sinia la wali na nyama likaja, tukala sinia moja mimi na yeye. Nilirudi Al-Hamra bila mkate, na madam alinipigia kelele mpaka majirani wakajua. Miungu ni miungu, haijali umetoka vita gani.

Mghanga alizikwa nyumbani wiki likizo ilipokwisha. Sikuweza kwenda, nilisikia nyimbo kwa simu, nimeegesha kivulini nje ya chuo cha Nuf. Alifaulu mtihani wake. Aliniambia shairi lile lote, pamoja na fujo zake, linaishia kwenye matanga ya adui. Nilimwambia basi mshairi alikuwa mtu wa akili, alijua pa kusimamia.

Miaka ikaenda. Ramani ambayo nilikuwa naibeba kichwani, kila mzunguko na kila geti, ikahamia kwenye simu, ikawa mwanamke fulani ananiambia pinda kushoto mahali ninapopajua kuliko yeye. Halafu wanawake wakaruhusiwa kuendesha. Nuf nilimfundisha mimi kuegesha kinyumenyume, na siku ya kuondoka kwangu aliniendesha mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Nilikaa kiti cha nyuma nikalia, na sanduku la karatasi lilikuwa upande wa kulia.

Nimerudi mwaka jana. Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua, ule uongo. Niliona mama Mghanga ana haki ya kujua mwanawe aliletwa nyumbani kwa maneno gani. Nikamkuta anachambua maharagwe barazani. Nikamweleza yote, magoti, shanga, kahawa. Alicheka sana kwenye shanga. Nilipofika kwenye uongo nikainamisha kichwa.

"Nilimwambia Mghanga alikuwa anamtaja huyo mzee kila siku, mama. Hakuwahi kumtaja hata mara moja."

Akaacha maharagwe. "Uongo gani huo? Huyo mzee wake si nilikuwa naongea naye kila Ijumaa? Mghanga anamwekea simu sikioni. Yeye anasema Kiarabu chake, mimi Kitaita changu, tunacheka. Nilikuwa namuuliza, mwanangu anakula? Ananijibu maneno marefu, najua tu anasema anakula." Alitabasamu. "Halafu Mghanga akaniambia mzee amesafiri. Nikasema haya, atarudi."

Nikaona bado hajaelewa nilichomsimulia, au amekisikia akakiruka. "Mama," nikasema, "huyo mzee alikufa. Alikufa kabla ya Mghanga."

Mikono yake ilikuwa ndani ya ungo, haichambui kitu. Akamlilia pale pale, mzee wa Al-Safa ambaye hakuwahi kumwona, akamlilia kwa Kitaita kama analilia mtu wa nyumbani. Baadaye akajifuta kwa leso na kuniuliza, "Na yeye walimzika vizuri?"

"Sijui, mama. Sikuuliza."

Akanitazama kwa namna ambayo madam hakuwahi kuiweza.

"Ulikula wali wao ukamaliza, na hukuuliza? Toa simu, Mwadime. Mpigie mwanawe, umpe pole yangu, kisha umuulize."